Mpiga besi haeleweki: umbane kwa masharti, umuwekee mwenzake, awe deiwaka au umtoe kabisa?

Bendi nyingi nilizoziona zikifa hapa Mwanza hazikufa kwa kukosa shoo, zilikufa kwa ajili ya mtu mmoja. Anakuja mazoezini anavyojisikia, wenzake wanavumilia, wanavumilia tena, halafu siku ya siku anakosekana kwenye harusi ya watu na kamati ilishalipa advansi, hapo ndo maneno yote yaliyokuwa yamekaa vifuani yanatoka kwa mpigo. Kiongozi wa bendi anabaki katikati. Akimuonea huruma wengine wananung'unika, akiamua kwa hasira anampoteza mtu ambaye sebene ikishika moto hana mpinzani Kirumba nzima.

Njia ambazo watu wanazitumia kweli ni nne: kumbakiza kwa masharti, kuweka mtu wa pili kwenye chombo chake, kumgeuza deiwaka (mtu wa kuitwa na kulipwa kwa shoo), na kumtoa. Zote nimeziona zikifanya kazi na zote nimeziona zikivunja bendi, kwa hiyo hapa simpigii debe mtu, nazipima kwa vipimo vilevile halafu uangalie yako iko wapi.

Kwanza ujue kwa nini haji

Naomba usiruke hapa hata kama una hasira. Mtu asiyeweza kuja na mtu asiyetaka kuja wanafanana kwa nje, wote simu haipokelewi, lakini dawa zao ni tofauti kabisa.

Ukanda wetu wa ziwa una mambo yake. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza kwa taa, mbalamwezi ikishatawala taa hazivuti dagaa kama inavyotakiwa, wavuvi wanapumzika. Sasa kama mpiga dramu wako anaishi kwa mitumbwi ya dagaa, huyo sio mtu asiyeeleweka, ana kalenda yake na inasomeka vizuri tu, usiku wa giza yuko ziwani na siku za mbalamwezi yuko mtaani hana kazi. Kuna bendi zinamtukana mtu wa hivyo mwaka mzima wakati ilikuwa ni suala la kuangalia mwezi na kupanga mazoezi.

Mwingine ni dada mwimbaji anayekaa Kisesa, shoo inaisha saa nane usiku na hakuna anayefikiria anarudije. Ataimba mara mbili, ya tatu nyumbani watamkatalia. Hapo usiseme hana nidhamu, hana usafiri. Kirikuu inayorudisha vyombo ikianza kumshusha yeye mlangoni kwao, tatizo linaweza kuisha wiki hiyohiyo.

Halafu kuna anayechukua advansi kwa mapromota wawili kwa Jumamosi moja, kuna anayefika ila amelewa, na kuna ambaye kichwani alishahama bendi, mwili tu ndo bado unakujaga. Na msiba au ugonjwa usiuhesabu kabisa, mtu aliyeko msibani hajakosa mazoezi, yuko msibani.

Kitu kingine ni wapi mnapiga. Zamani mkialikwa Sengerema au Geita mtu akichelewa alikuwa na sababu ya kivuko cha Kigongo na ile foleni yake, ila tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 zile kilomita 3 mnazivuka kwa dakika chache tu, sababu hiyo imeisha. Nansio, kule kisiwani Ukerewe, ni habari nyingine. Kule meli ikikuacha imekuacha, hakuna cha "nakuja na bodaboda nawakuta mbele". Bendi inayopiga visiwani haiwezi kumvumilia mchelewaji kama inavyoweza bendi ya baa moja ya Nyegezi ambayo kila mtu anafika kwa miguu.

Vipimo

Mimi naangalia vitano. Pesa, yaani njia hiyo inakugharimu nini na shoo zilizoko mkononi zinapona au haziponi. Mziki wenyewe, kwamba sauti inabaki au inapungua. Amani ya wanabendi wengine, hiki watu wanakisahau na ndo kinachoua. Muda mpaka uone matokeo. Na mwisho mlango wa kurudi, ukikuta uliamua vibaya unaweza kurudi nyuma?

1. Kumbakiza kwa masharti

Hapa mnakaa wote, mnaandika sheria fupi: mazoezi saa ngapi, kuchelewa faini kiasi gani, kukosa bila taarifa kiasi gani, taarifa itolewe lini. Sheria ni ya wote, kiongozi naye yumo.

Pesa: rahisi kuliko njia zote. Faini inakatwa kwenye mgao. Tuseme shoo ni laki sita, mmetoa gari na mafuta ya jenereta, kila mtu ana elfu sabini yake, ukimkata elfu kumi anasikia lakini familia inakula. Ukikata yote unatafuta ugomvi. Na ile pesa iwe na kazi inayojulikana, nyuzi za gitaa, ngozi ya dramu, isiishie mfukoni kwa kiongozi, maana siku watu wakianza kuhisi hivyo ujue sheria imekufa.

Mziki: unabaki ulivyo, ndo faida kubwa. Mmeshazoeana, akikonyeza unajua anabadilisha.

Amani: inategemea faini ya kwanza anakatwa nani. Akikatwa rafiki wa kiongozi bila kelele, wote wananyooka. Akisamehewa, hamna tena sheria pale.

Muda: nawapaga shoo tatu nne hivi. Mtu wa kubadilika ataonekana mapema, anaanza kupiga simu akichelewa, hata kabla hajaanza kuwahi. Hiyo simu ni dalili nzuri, msiidharau.

Mlango wa kurudi: uko wazi kabisa, njia zote tatu zinazofuata bado unazo.

Inafaa kwa mtu asiyejua kama anaumiza wenzake, kwa kijana ambaye hii ndo bendi yake ya kwanza, na kwa bendi ambayo haijawahi kuwa na sheria yoyote (hapo hata huyo unayemlaumu alivunja nini?). Haimfai mlevi. Mlevi anakatwa faini, anakubali, anakuomba na samahani kabisa, na Jumamosi inayofuata ni yaleyale, faini haijawahi kumtoa mtu kwenye pombe.

2. Kuweka mtu wa pili kwenye chombo chake

Hii kwenye mziki wa dansi ni desturi ya siku nyingi. Bendi kubwa za Dar kama Msondo Ngoma na Mlimani Park zilikuwa na wanamuziki wengi kiasi cha kupokezana jukwaani usiku mzima, mmoja akipumzika mwingine anashika. Bendi yetu ya watu sita ya kupiga sendofu Buzuruga haiwezi kulisha watu kama wale, lakini wazo lenyewe linafanya kazi, ile nafasi inayovuja unaiwekea mtu wa akiba.

Pesa: hapa ndo panapouma. Mgao ni uleule na midomo imeongezeka. Wengi wanamlipa wa pili siku aliyopiga tu, na siku za mazoezi wanampa nauli. Ni sawa, ila mwambieni mapema, sio baada ya miezi miwili anauliza mgao wake uko wapi.

Mziki: mwanzoni unashuka kidogo. Chombo gani kimevuja ni jambo la msingi sana. Besi ikikosekana mpiga kinanda mzuri anaweza kuishika kwa mkono wa kushoto mkamaliza harusi, wageni wasijue. Dramu ikikosekana kinanda kinaweza kutoa mdundo, sio mtamu ila mnasogea. Lakini gitaa la solo likikosekana, mpiga gitaa la rithimu analazimika kupanda juu, huku chini panabaki patupu na sebene haina mifupa. Mwimbaji wa mbele naye akikosekana anayemshikia huenda hafiki sauti yake, inabidi mshushe ufunguo, na kama hamjawahi kufanya mazoezi kwenye ufunguo huo mtaaibika mbele za watu. Kwa hiyo mtu wa pili muwekee solo na mwimbaji kwanza, besi na dramu baadaye.

Cha kufanya hapa: rekodini mazoezi kwa simu, kila wimbo peke yake, mtupie kwenye grupu la WhatsApp, na muwe na daftari lenye listi ya nyimbo na funguo zake. Bendi ambayo nyimbo zote ziko kichwani kwa watu inashikwa mateka na yeyote mwenye kichwa hicho.

Amani: mwambie mwenye nafasi yake kabla hajasikia kwa watu. Hili nalisisitiza. Ukileta mtu kimyakimya, mwenye nafasi akamkuta huyo mgeni ameshika besi yake mazoezini, umeanzisha vita ambayo haikuwepo. Mwambie tu, "Kaka, tarehe zako hazitabiriki na watu wameshatulipa, nimemleta huyu mdogo wetu akushikie ukiwa haupo, mfundishe." Wengi wanakubali, na wengine wakiona kuna mtu anajua nyimbo zao wanaanza kuwahi bila kuambiwa.

Muda: miezi miwili mitatu mpaka wa pili aive.

Mlango wa kurudi: uko wazi, ingawa yule wa pili ukimrudisha nyumbani bila shukrani hatokuja tena mkimhitaji.

Inawafaa sana watu wa kalenda, wavuvi wa dagaa, walimu, wanaoenda kulima mpunga masika, wote ambao sababu yao ni ya kweli na inajirudia. Kwa maoni yangu ndo njia inayodharauliwa kuliko zote hapa kwetu.

3. Kumgeuza deiwaka

Hapa hatoki moja kwa moja. Anaacha kuwa mwanabendi, anakuwa mtu wa kuitwa. Hana kura kwenye maamuzi, hana fungu kwenye mfuko, analipwa bei mliyokubaliana akipiga, asipopiga halipwi na hakuna anayenuna.

Pesa: kwa shoo moja anaweza kuwa ghali kuliko mwanabendi, kwa sababu deiwaka anapatana bei kabla na hajali kama jenereta lilikula mafuta mengi. Ila mwisho wa mwezi unaweza kukuta umetumia kidogo maana unamuita pale shoo inapostahili.

Mziki: siku aliyopo, raha tupu. Tatizo ni nyimbo mpya. Deiwaka haji mazoezini, atapiga zile anazozijua na kopi (nyimbo za bendi nyingine) ambazo kila mtu anazijua, kwa hiyo bendi inayotunga nyimbo zake itaona inakwama palepale. Bendi ya kopi haitasikia kitu.

Amani: mara nyingi inashangaza jinsi kelele zinavyoisha. Wenzake walikuwa wanaumia kwa sababu anapata sawa na wao bila kuvuja jasho sawa na wao, mkiondoa hiyo "sawa" wanaanza hata kumpenda tena. Upande wake sasa inaweza kumuuma, hasa kama alikuwa mwanzilishi. Akiwa ni mtu mzima kuliko wewe usiende kumwambia peke yako, wala usiandike kwenye grupu. Tafuta mzee anayemheshimu, mlezi wa bendi au mwanamuziki wa zamani, mwende wote nyumbani kwake, muanze na shikamoo na mazungumzo ya kawaida, ndo jambo lifuate. Mtu mzima akidhalilishwa kwenye grupu hata kama ana makosa anakuwa na haki ya kuwakasirikia.

Muda: matokeo yanaonekana shoo ya kwanza tu.

Mlango wa kurudi: nusu. Kumrudisha kuwa mwanabendi inawezekana ila wengine watauliza amebadilika nini.

Inamfaa fundi mwenye mikono ya dhahabu asiye na nidhamu, anayepiga bendi mbili tatu, na yule ambaye maisha yamembana ila hataki kuachana na mziki. Haifai kama mnaenda Nansio au Bukoba na hamna mtu mwingine wa hicho chombo, maana deiwaka akipata shoo yenye hela zaidi mjini anaweza kukuacha bandarini na kwa upande wake hajavunja kitu chochote mlichokubaliana. Labda mumlipe nusu mapema na amlete mtu wa kumdhamini.

4. Kumtoa

Pesa: angalia vyombo ni vya nani. Hapa Mwanza mara nyingi anayezingua ndo mwenye kinanda au miksa au gari, na anajua. Ukimtoa leo kesho unakodi, na kukodi kila wikiendi kunakula mgao wote. Piga hesabu hiyo kabla hujafungua mdomo. Angalia pia namba inayopokea advansi ni ya nani, namba ya simu iliyoko kwenye mabango ni ya nani, na neno la siri la chaneli ya YouTube analo nani. Nimeona bendi ikimtoa mtu halafu wateja wanaendelea kumpigia yeye.

Mziki: pengo la kweli kwa muda. Na nyimbo alizotunga ni zake. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa, kumtoa kwenye bendi hakuzifanyi ziwe zenu. Kama mnataka kuendelea kuzipiga na kuzirekodi kubalianeni kwa maandishi wakati bado mnasalimiana.

Amani: inakuja haraka kama tatizo lilikuwa yeye. Ila wanaobaki wanaangalia ulivyomtoa. Ukimtoa kwa matusi kila mmoja anajiona yeye ndo anayefuata, na bendi ya watu wenye hofu inapiga kwa hofu, inasikika.

Muda: uamuzi ni wa siku moja, kuziba pengo ni miezi. Usifanye hivi msimu wa harusi umeanza. Kwaresma na Ramadhani kazi za harusi zinapungua sana, huo ndo muda wa kumfundisha mtu mpya mpaka Pasaka au Idi ikifika mko tayari.

Mlango wa kurudi: watu wanadhani umefungwa moja kwa moja, wala. Historia ya dansi imejaa watu waliohama na kurudi. Mwimbaji Muhiddin Gurumo alikuwa NUTA Jazz, ile iliyokuja kuitwa Msondo, tangu 1964, mwaka 1978 akaenda Mlimani Park, 1985 akaenda Orchestra Safari Sound, na baadaye akarudi Msondo. Yeye hakuwa mzembe, simtaji kwa hilo, nataka uone tu kwamba mwanamuziki uliyeachana naye vizuri unaweza kuja kumhitaji miaka ijayo. Mlipe chake chote, mpe vitu vyake, muage mbele ya wenzake.

Inafaa kwa aliyekula advansi ya wateja, anayeleta fujo au kuwasumbua waimbaji wa kike, na anayelewa mpaka shoo zinaharibika baada ya kuongea naye na kumsaidia ikashindikana. Kuwasumbua akina dada hakusubiri Kwaresma.

Sasa wewe uko wapi?

Kama haji na hujawahi kumuuliza kwa nini mkiwa wawili tu, hauko kwenye njia yoyote kati ya hizi. Kaa naye kwanza, Kamanga au popote penye utulivu, simu mbali.

Kama bendi ni changa na hamna sheria, anza na masharti, hata kama una uhakika atashindwa. Akishindwa angalau wote watakuwa wameona.

Kama sababu ni kazi au ziwa, mtu wa pili, na mazoezi yafuate mbalamwezi.

Kama ni fundi kweli na wenzake wamechoka, deiwaka. Mkiwa mnatunga nyimbo zenu wenyewe fikirieni mara mbili, mnaweza kuchanganya: deiwaka kwenye harusi, na kijana wa pili anayekuja mazoezini ndo anarekodi nyimbo mpya.

Kama ni ndugu au shemeji wa kiongozi, kiongozi asiamue peke yake. Wengine wakae bila yeye, waje na jibu, naye akubali kabla hajalisikia. Bila hivyo lolote atakaloamua litaitwa upendeleo au chuki za nyumbani.

Kama shoo ni Jumamosi hii na leo ni Alhamisi hapokei simu, usiamue chochote kuhusu yeye wiki hii. Tafuta wa kushika chombo, rekebisheni listi mtoe nyimbo zinazomtegemea, mwambieni emsii mapema. Yeye mtamjadili Jumatatu mkiwa mmelala.

Na kama asiyeeleweka ni kiongozi mwenyewe, ambapo masharti hayamgusi na hakuna wa kumtoa, wanabendi ombeni vitu viwili tu kwanza, namba ya kupokelea advansi ishikwe na mtu mwingine na tarehe za shoo ziandikwe sehemu ambayo wote wanaiona. Akikataa hata hivyo viwili, kila mtu ahesabu vyombo vyake aanze kutafuta wenzake wapya.